Kiatu cha Kushoto Nilikishona, cha Kulia Nilikiacha

Mpendwa Mama Shiru,

Nimeharibu kiatu kipya. Naona nikwambie mwenyewe, kwa sababu ungekuwa hapa binti yako angekuwa ameshakuletea habari kabla sijafungua mdomo, tena kwa namna ya kunifanya nionekane mjinga kuliko nilivyo. Na wewe ungemwamini yeye. Katika nyumba hii ushahidi wangu haujawahi kukubaliwa bila shahidi wa pili.

Lakini nianzie mbali kidogo, maana kosa lenyewe tulilianzisha wote wawili na sikubali kubebeshwa peke yangu.

Unakumbuka siku niliyokuja kwenye kibanda chako pale soko la Kangemi? Nilikuwa ndiyo nimeandikwa karani wa masjala katika ofisi ya mawakili mjini, na nilitaka viatu vyeusi vya kazi. Ulinitazama miguu kwanza, uso baadaye. "Wewe unakanyaga na upande," ukasema. "Ya kushoto ndiyo huanza kufunguka mbele, ama?" Nikashangaa umejuaje. Nilidhani ni mapenzi yameanza, kumbe ulikuwa unasoma soli tu. Ukanipa viatu vya kahawia. Nikakukumbusha kwamba nimeomba vyeusi, ukasema vyeusi bado havijashonwa. Ukapindua kile cha kahawia, ukanionyesha mshono uliozunguka soli nzima, umenyooka kama mstari wa daftari. "Hii nimeshona mwenyewe, nyumbani. Ikifunguka, rudi unitukane."

Haikufunguka. Ndiyo maana ilinibidi nitafute sababu nyingine za kurudi. Nilinunua kamba za viatu kwako wiki baada ya wiki, mpaka mwenye nyumba wangu akaniuliza kama nafuga mbuzi.

Tulipooana, chumba chetu kilikuwa na viatu vingi kuliko watu. Kila ulipofungua mtumba ulitenga vile vilivyopasuka, vile ambavyo wenzako sokoni walivitupa, ukavitia kwenye gunia na kuja navyo. Jumamosi alasiri ndiyo ilikuwa siku yake. Unaviosha, unavianika dirishani, unasugua uzi kwenye kipande cha mshumaa ili upite bila kukwama. Kwa ncha ya kisu unachimba mfereji mwembamba kuzunguka soli, uzi upate pa kulala usisuguliwe na lami. Halafu ile sindano nene yenye ndoano nchani. Unaichoma kutoka chini, na mkono wako wa kushoto uko ndani ya kiatu, gizani, unaivisha uzi. Unavuta, kitanzi kinachungulia nje, unapitisha uzi wa pili, unakaza. Tundu baada ya tundu, huku unanisimulia nani sokoni amegombana na nani.

Gundi hukuiamini hata kidogo. "Gundi ni uchumba," ulizoea kuwaambia wateja, "uzi ndiyo ndoa." Na hata viatu vipya vya dukani, mtu wa nyumba yetu hakuvitia mguu kabla havijapita mkononi mwako. Najua si sisi peke yetu. Nusu ya Nairobi huvitoa viatu dukani na kuvipeleka kwa fundi moja kwa moja, kana kwamba duka huviuza havijaiva. Ila wengine walifanya kama tahadhari. Sisi tulifanya kama dini.

Na mimi nilitaka kuwa padri. Ukanipa kiatu cha mwalimu wa kwaya, kilichopasuka ubavuni, ukaenda kuchota maji. Niliposikia unarudi nilikuwa nimemaliza, nimejaa fahari. Jumapili mwalimu wa kwaya akakungoja nje ya kanisa, kiatu kimoja mguuni, kingine kwapani, na mguu mwingine kwenye ndara. "Mama Shiru," akasema kwa upole, "hii kiatu bwana yako ameshona iko na mlango, lakini ndani hakuna nyumba." Nilikuwa nimeshona ubavu mmoja, nikapita na ulimi, nikakamata na ubavu wa pili. Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta wa kanisa. Tulipofika nyumbani ukanipangia kazi upya: "Baba Shiru, wewe shika tu. Kushona wachia mimi." Nikawa mshikaji wa viatu kwa miaka mingi, na kusema kweli nilikuwa mshikaji hodari.

Shiru ndiye hakuyapenda mambo yetu. Alikuwa darasa la saba aliporudi siku moja na mashavu yamevimba. "Watoto wanasema viatu zangu ziko na meno." Hukuinua hata kichwa. "Waambie zinauma," ukasema. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Hilo la kucheka ningelirudisha kama ingewezekana, maana kuanzia siku hiyo kila alipopigwa picha alisimama mguu mmoja nyuma ya mwingine. Zitazame picha za shule zote. Utadhani tulizaa korongo.

Ulipotutoka, sasa ni miaka sita, nilikuta sindano imechomekwa kwenye kipande cha mshumaa, mahali pake. Niliipita kwa wiki nyingi. Halafu kiatu changu cha kushoto kikafunguka mbele. Nikakaa kwenye stuli, nikakishika kwa mikono miwili, na nikakaa hivyo muda mrefu kabla sijatambua ninachofanya. Nilikuwa nimeshika, nangoja wewe ushone.

Basi nikajifunza. Hapa Kinoo, tangu tuhamie kwenye ile nyumba uliyonisukuma kuijenga, majirani wananiletea viatu vya watoto wao, nami nashona verandani baada ya kazi na chai yangu pembeni. Mishono yangu bado inatembea kama mlevi anayetafuta geti, lakini inashika, na hakuna aliyerudi kunitukana. Ni raha ambayo sikuitegemea. Ungeniona ungejifanya hunioni, halafu ungekuja kukagua nikilala.

Sasa tuje kwenye kesi.

Shiru anaolewa. Kijana anaitwa Brian, mrefu, mpole, anafanya kazi na Shiru kwenye ile kampuni ya bima. Watu wao walipanga kuja Kinoo kwa ruracio, kuleta mahari na kufahamiana. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Shiru akatoka kwake Mountain View na boksi chini ya mkono. Ndani mlikuwa na viatu vyeusi vinavyong'aa, vyepesi, soli yake nene na laini kama mkate wa maziwa.

"Baba, siku ya ruracio nakuomba kitu moja tu," akasema. "Uvae hizi. Vile ziko."

"Nimesikia," nikasema. Na kusikia nilisikia.

Nikaviweka juu ya meza ya sebuleni kama wageni. Kila jioni nikavipitia. Kila jioni nikaona kama pale mbele, kwenye cha kushoto, gundi ina wasiwasi. Nikajiambia: wageni wamejaa uani, soli iachame mbele ya wakwe, aibu ni ya nani? Ni ya Shiru aliyevinunua. Kwa hiyo, kwa faida ya Shiru mwenyewe, na kwa kuwa ombi lake halikutaja uzi kwa jina... Unaona? Nimepanga faili za mawakili karibu miaka thelathini. Si kwamba nimetoka mikono mitupu.

Jumapili baada ya kanisa nikaanza na cha kushoto, adui yangu wa zamani. Mbele ikaenda safi. Ubavuni safi, hata nikawa naimba. Nilipofika kisiginoni sindano ikapita kirahisi mno, kama imeingia kwenye uji, na kiatu kikasema fyuuu. Polepole, kama mama mzee akiketi baada ya kupanda mlima.

Kisigino kile, Mama Shiru, kilikuwa kimejazwa hewa. Sasa nani anatia hewa kwenye kiatu? Hewa ni ya magurudumu. Nikamaliza kushona hivyo hivyo, kwa matumaini kwamba uzi ungeirudisha pumzi. Nikakivaa, nikatembea mpaka jikoni. Kila hatua: fyu. Mguu wa kulia kimya, mguu wa kushoto fyu.

Shiru alikuja Jumatano kupanga mambo ya viti na hema. Vilikuwa bado juu ya meza.

"Baba, hii ni nini?"

"Nimeimarisha kidogo."

"Umeshona."

"Moja tu."

Akakiminya kisigino. Kikapumua. Nilimngoja acheke, maana wewe ungecheka, na mimi huwa nasahau kwamba yeye si wewe. Hakucheka. Akakirudisha mezani taratibu, akaketi.

"Ilikuwa mpya," akasema.

"Ndiyo maana nikashona sasa, kabla..."

"Kabla ya nini? Haikuwa imepasuka, baba. Yaani hata kitu moja nikikuletea nzima, haiwezi kaa nzima?"

"Gundi ya siku hizi, Shiru..."

"Na Brian naye ni gundi? Ulimuuliza kazi ikiisha atafanya nini. Ulimuuliza akikasirika hukaa na hasira siku ngapi. Alitoka hapa akaniuliza kama amekuja kuomba bibi ama amekuja kuomba kazi. Wewe ulikuwa unamfinya tu, uone penye atapasukia."

"Mzazi lazima aangalie."

"Angalia basi. Lakini si na sindano." Akachukua mkoba wake. "Mimi sikutaka uvae kitu ya maringo. Nilitaka tu siku moja uchukue kitu kwa mkono yangu, useme asante, uvae. Jumamosi vaa ile unataka."

Na akaenda. Mambo ya viti na hema hatukuyagusa.

Hapo ndipo nilipoogopa, na sikuogopea viatu. Niliogopa kwamba Shiru atatoka nyumbani kwangu kwenda kuanza maisha yake akiamini baba yake hakuwahi kupokea chochote chake kikiwa kizima. Tena nilipojaribu kujitetea kichwani, ushahidi ulikuwa upande wake. Nilikumbuka alivyoleta ripoti ya kuwa namba mbili darasani, nami nikamuuliza namba moja ni nani. Nikakumbuka chapati yake ya kwanza ya maisha, yenye pembe saba, nilivyoifunika kwa sahani na kuikata kwa kisu iwe duara. Wewe ulinikanyaga mguu chini ya meza. Nilidhani unaomba chumvi.

Alhamisi jioni nikakaa verandani na cha kulia mapajani. Mkono uliwasha, nakwambia ukweli. Kiatu kimoja kikishonwa na mwenzake kikaachwa, hata mtoto ataona. Uzi ulikuwa umeshapakwa nta. Nikakigeuza, nikakitazama, nikakigeuza tena. Halafu nikarudisha sindano kwenye mshumaa wake, nikaingia ndani. Usiku huo niliikagua ile gundi mara tatu, lakini kwa macho tu.

Kesho yake nikampigia Brian.

"Shikamoo, mzee. Kuna shida?" Sauti imesimama wima kama askari.

"Marahaba. Hakuna shida. Nilitaka tu kukwambia karibu kesho."

"Hakuna swali?"

"Hakuna swali."

"Asante sana, mzee," akasema, kama mtu aliyeachiliwa kwa dhamana.

Jumamosi wageni wakafika na nyimbo mpaka getini. Nikatoka kuwapokea, suti yangu ya kijivu, viatu vyangu vipya. Mguu wa kulia kimya, mguu wa kushoto fyu. Kutoka mlangoni hadi getini ni hatua ishirini na kitu, na sijawahi kuziona ndefu vile. Shiru alikuwa kwenye mlango wa jikoni na shangazi zake. Tangu asubuhi alikuwa ameniongelesha mambo ya sufuria tu.

Baba yake Brian, mzee mfupi mwenye tumbo la heshima, akanisalimu kwa mikono miwili, kisha akainamisha kichwa. "Mwenzangu, samahani. Ni kama kuna kitu unakanyaga kinalia."

Ningeweza kusema ni changarawe. Watu wote walikuwa wamenyamaza wanangoja kukaribishwa.

"Ni kiatu," nikasema. "Binti yangu alininunulia vipya nivae leo. Vilikuwa vizuri, havina kasoro. Mimi nikavidunga sindano kwa kukosa imani tu. Hiki cha kushoto ndicho kinalia. Hiki cha kulia nimekiacha vile alivyonipa." Nikageukia mlango wa jikoni. "Shiru, asante. Nilipaswa kusema siku ile ulipovileta."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Mimi mwenyewe nilitazama boma la jirani. Ndipo yule mzee akamshika bega Brian, akainua mguu wake mmoja, akatuonyesha chini ya kiatu. Mshono mweupe umezunguka soli yote.

"Hizi nimenunua juzi," akasema. "Jana nikapitisha kwa fundi. Mama Brian amenitukana njia yote, ati mimi ni mshamba."

"Na bado nasema," akasema Mama Brian kutoka nyuma.

Watu wakaangua kicheko, na wazee wawili wakaanza kuinua miguu yao kuonyeshana. Nilipotazama tena mlango wa jikoni, Shiru alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Akashuka, akapita katikati ya watu mpaka nilipo, akaniweka sawa kola ambayo haikuwa na tatizo lolote. "Twende, baba," akasema. "Unaweka wageni kwa jua."

Siku ikawa njema. Nitakusimulia yaliyosemwa kuhusu mbuzi siku nyingine, maana shangazi yako alitusumbua. Brian alikula sahani mbili, na mimi sikumuuliza kama hula hivyo kila siku.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Leo, nikitoka kanisani, kiatu cha kulia kimefunguka mbele. Si kwa nguvu, kimeachama tu taratibu kama mtu anayesinzia kwenye mahubiri. Wewe unanijua. Unajua furaha mbaya iliyonipanda. Nilitembea mpaka nyumbani nikitunga hotuba. Halafu nikampigia.

"Shiru, ile ya kulia imefunguka."

"Wapi?"

"Mbele."

"Sana?"

"Kidole kinaweza kuchungulia."

Nikanyamaza hapo hapo. Sikusema nilijua. Sikusema gundi. Naomba hilo uliandike mahali, kwa sababu hakuna mwingine atakayejua lilivyonigharimu. Nilimsikia akimwambia Brian kitu pembeni, na Brian akicheka, kicheko cha mtu aliyezoea nyumba.

"Sasa ndiyo ushone," akasema. "Nitakuja Jumapili kuona. Na baba, ukifika kwa kisigino, ruka."

Kwa hiyo nimeketi verandani, chai imeshapoa kwa sababu ya kukuandikia. Nitashona pale mbele palipofunguka, mishono minane au tisa, basi. Sehemu nyingine ni nzima, nitaziacha. Mikono yangu itapata taabu kusimama hapo, lakini nina wiki nzima ya kuizoesha, na Jumapili nitakuwa na mkaguzi.

Pumzika vyema, mpenzi. Viatu vya huko nasikia havichakai, kwa hiyo natumaini wamekupa kazi nyingine ya kukutoa uvivu.

Ni mimi mshikaji wako,
Baba Shiru